Charlotte Brontë: Mwandishi ambaye ndoto za mchana nusura zimmeze

Hakuna asiyewahi kupitwa na steji. Umekaa dirishani kwenye matatu, ngoma unayoipenda inalia masikioni, na kabla hujajua uko mbali: uko jukwaani umati unalitaja jina lako, au yule aliyekuacha amerudi analia. Ukija kushtuka, steji yenu ilipitwa kitambo. Unashuka, unajicheka, unarudi kwa miguu. Yameisha.

Kuna watu ambao kwao hayaishi. Wanaamka nayo, wanalala nayo. Vichwani mwao mna watu wenye majina, koo, maadui na harusi, stori inayoendelea mwaka baada ya mwaka kama mfululizo wa televisheni usio na kipindi cha mwisho. Wanajua fika kwamba ni ya kutunga. Hawajarukwa na akili. Shida ni kwamba ni tamu kuliko chumba walichomo. Kazi inalala, masomo yanalala, simu za marafiki hazipokelewi, na ukiwakatiza katikati wanapandwa na hasira ambayo hata wao hawawezi kuieleza. Halafu inakuja aibu. Mtu mzima ataanzia wapi kumwambia mwenzake kwamba jana alishinda siku nzima na watu wasiokuwepo?

Mwaka wa 2002, mwanasaikolojia Eli Somer wa Chuo Kikuu cha Haifa, Israel, aliandika kuhusu wagonjwa wake sita waliokuwa wakiishi hivyo, akaipa hali hiyo jina: kuota mchana kunakoharibu maisha. Watu wa nchi mbalimbali waliposikia wakajitokeza kusema, kumbe si mimi pekee. Wengi huchochewa na muziki. Wengi pia hawawezi kuota wakiwa wametulia. Hutembea chumbani huku na huko, wakizunguka njia ile ile. Hilo la kutembea liweke akilini, tutalirudia. Hali hii bado haijaingizwa kwenye miongozo rasmi ya magonjwa ya akili, na wataalamu wanabishana kama ni ugonjwa unaojitegemea au ni mwenza wa mengine, kwa mfano tatizo la kushindwa kumakinika. Lakini ikiwa inakula saa zako kila siku na unatamani kuacha usiweze, hiyo inatosha kuwa sababu ya kumwona mshauri nasaha, liwe na jina rasmi au lisiwe nalo.

Niliposoma dalili hizo mara ya kwanza, nilimkumbuka mtu mmoja. Charlotte Brontë, yule aliyeandika Jane Eyre. Mimi si daktari, na hakuna daktari anayeweza kumpima mtu aliyezikwa mwaka wa 1855. Ila maisha yake ameyaandika mwenyewe, na yanashangaza.

Alizaliwa Aprili 21, 1816, kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa tatu kati ya sita wa kasisi Patrick Brontë. Familia ilihamia Haworth mwaka wa 1820, kijiji cha nyumba za mawe kilimani, upepo haukomi, na kutoka madirisha ya mbele ya nyumba ya kasisi unayaona makaburi. Mama yao alifariki mwaka uliofuata. Mwaka wa 1824 baba aliwapeleka wasichana wanne katika shule ya bweni iliyokuwa nafuu kwa mabinti wa makasisi. Baridi, chakula kibovu, magonjwa. Dada wakubwa wawili, Maria na Elizabeth, walirudishwa nyumbani mwaka wa 1825 wakiwa mahututi, wakafa wakipishana wiki chache, mmoja akiwa na miaka 11 na mwingine 10. Charlotte, mwenye miaka tisa, akajikuta ndiye mkubwa. Nyuma yake walibaki Branwell, Emily na Anne.

Juni 1826 baba alirudi kutoka mji wa Leeds na zawadi ya Branwell: boksi la askari 12 wa mbao. Kila mtoto akanyakua wake na kumpa jina. Wa Charlotte akawa Duke wa Wellington, shujaa aliyempiga Napoleon. Kutoka kwenye boksi hilo ukazaliwa mji mzima, una bunge, magazeti, wanasiasa na mikahawa. Waliuita Mji wa Kioo. Wao wenyewe walijifanya majini wanaoutawala kutoka angani, na kazi mojawapo ya majini hao ilikuwa kumfufua askari yeyote aliyeuawa. Watoto hao walikuwa wamemzika mama na dada wawili ndani ya miaka minne. Katika mji wao, maiti aliamka akaendelea na vita.

Majini waliwatoa katika Alfu Lela Ulela. Ndicho kitabu kile kile kilichotuletea sisi Alinacha, muuza vyombo vya kioo aliyeota utajiri sokoni hadi akarusha teke na kuvunja mtaji wake wote. Ndoto za Alinacha, Mji wa Kioo. Ukitaka kucheka, cheka.

Na unajua mji huo waliuweka wapi? Afrika, pwani ya magharibi, karibu na Waashanti. Hawakuwahi kukanyaga huku. Walifungua kitabu cha jiografia, wakachora ramani, wakagawia makamanda wa Kiingereza falme, na Waashanti wakawa maadui wa kupigwa kila baada ya kurasa chache. Yaani zaidi ya nusu karne kabla ya mkutano wa Berlin, watoto wanne wa kasisi walikuwa wameshaigawana Afrika sebuleni. Siwalaumu sana. Walikuwa wakiiga magazeti ya baba yao.

Stori hizo waliziandika katika vijitabu vidogo kuliko karata, kwa herufi ndogo mno, kusudi askari wa mbao waweze kuvisoma na, nadhani, watu wazima wasiweze. Kimoja alichokiandika Charlotte akiwa na miaka 13 kiliuzwa mwaka wa 2022 kwa dola milioni 1.25.

Mpaka hapo huu ni mchezo wa watoto, na mzuri. Jambo la ajabu ni kwamba Charlotte hakuuacha. Alipofika miaka 18, yeye na Branwell walianzisha ufalme mpya, Angria, na mfalme wake Zamorna, mwana wa yule Duke. Zamorna alikuwa mrefu, mrembo, mshairi, mkatili, mwenye wake na mahawara waliokuwa tayari kufa kwa ajili yake. Ni mwanamume ambaye ungemwona na dada yako ungemwambia dada akimbie. Charlotte, binti wa kasisi, mfupi, asiyeona mbali, aliyejiona hana sura, alimjua Zamorna kuliko alivyomjua mwanamume yeyote wa nyama na damu.

Kisha maisha yakadai chake. Mwaka wa 1835, akiwa na miaka 19, alienda kufundisha Roe Head, shule ya wasichana ambako yeye mwenyewe alikuwa amesoma. Familia haikuwa na pesa, na kazi yake ilisaidia kulipia karo ya wadogo zake. Mkuu wa shule alikuwa mwema. Wanafunzi walikuwa wachache, wa kawaida tu, wenye makosa ya kawaida. Ukiangalia kwa nje, hakuna aliyemtesa.

Kwa ndani alikuwa akiteketea. Kuna karatasi zake za miaka hiyo, ziliandikwa kwa penseli na wino kwa mwandiko ule wa vijitabu, na ndizo zilizonifanya niandike makala haya. Anaeleza siku ambayo tangu asubuhi yuko nusu hapa nusu Angria. Anahangaika kuwafundisha wasichana tofauti za maneno katika sarufi, wao wamekaa kimya wanamtazama, na kichwani mwake upepo wa Haworth unavuma na kuleta sauti za watu wake. Anahisi maneno yanamjia, anajua angepewa muda angeandika kitu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuandika. Hapo hapo mwanafunzi anakuja na somo lake mkononi. Charlotte anaandika kwamba alihisi kichefuchefu. Anawaita watoto hao majina ambayo ticha wa leo angefutwa kazi kwa kuyatamka.

Sehemu nyingine anasema anaandika macho yakiwa yamefumbwa huku wanafunzi wakimshangaa. Sehemu nyingine tena, jioni, amelala kitandani bwenini, gizani, na picha zinakuja zenyewe, wazi kana kwamba anaziona kwa macho. Wasichana wanaingia kutafuta vitu vyao. Anawasikia wakizungumza juu yake, wanadhani amelala. Anataka kuamka, mwili unakataa. Anahisi uzito umemlalia kifuani, na hofu inampanda mpaka anapojinasua kwa nguvu.

Huyu hakuwa mtu anayejiburudisha. Katika barua kwa rafiki yake wa tangu shuleni alikiri kwamba kuna mawazo yanayommeza, na kwamba rafiki angeyajua angemhurumia na pengine kumdharau. Hakumwambia ni yapi. Mtoto wa kasisi alikuwa pia na hofu ya Mungu: dunia yake ya ndani aliiita kwa jina la jehanamu, nusu mzaha, nusu si mzaha. Aliona anaabudu sanamu.

Desemba 1836 alichukua hatua ya ujasiri. Alimwandikia Robert Southey, mshairi rasmi wa taifa, akamtumia mashairi yake na kumuuliza maoni. Jibu lilifika Machi mwaka uliofuata. Watu hukumbuka sehemu moja tu ya jibu hilo, ile inayomwambia kwamba uandishi si kazi ya mwanamke, na haki yao kukasirika. Lakini kuna sehemu nyingine. Mzee huyo, ambaye hakuwahi kumwona, aliisoma barua yake na kuhisi kuna jambo. Alimwonya kwamba ndoto za mchana alizozizoea zingeuharibu utulivu wa akili yake, na kadiri mambo ya kawaida ya dunia yatakavyozidi kuonekana hayana ladha, ndivyo atakavyoshindwa kuyafanya bila kuwa amefaa kwa kitu kingine chochote.

Alikosea kuhusu wanawake. Kuhusu ndoto alikuwa ameshika penyewe. Charlotte alimjibu kwa adabu kwamba anajitahidi kutimiza wajibu wake, ingawa wakati mwingine akiwa anafundisha au anashona hutamani kusoma au kuandika. Siku ya kutimiza miaka 21, akiwa bado Roe Head, aliandika juu ya bahasha ya Southey kwamba ushauri huo utunzwe daima. Kisha akaendelea kuota. Si rahisi hivyo.

Mwaka wa 1838 afya yake iliporomoka, mwili na akili, na daktari akashauri arudi nyumbani. Ndipo tunapoona jaribio la kwanza la kweli la kutoka. Karibu mwaka wa 1839 aliandika ukurasa mmoja wa kuiaga Angria. Anasema amekaa mno katika nchi hiyo ya joto kali na jua lisilotua. Sasa akili inataka kupumzika mahali pa baridi, penye mawingu. Na anakiri kwamba akijaribu kuwaza wengine, anajiona kama mtu aliyefika nchi ya ugeni ambako kila uso ni mpya. Alikuwa na miaka 23. Watu hao walikuwa wameishi naye tangu akiwa na miaka kumi.

Mtu asidhani wadogo zake walikuwa tofauti. Emily na Anne walikuwa na nchi yao, Gondal. Mwaka wa 1845 walisafiri kwa treni kwenda York, na njia nzima wakaigiza wafalme na wafungwa wa Gondal wanaotoroka. Emily alikuwa na miaka 26. Kwake haikuwa shida hata kidogo. Alikanda mkate, akafuga mbwa, akaandika, akaota, vyote kwa siku moja. Hapo ndipo ninapoona kipimo cha saa au cha umri hakitoshi. Cha kuuliza ni kama mtu anaweza kuufungua mlango kutoka ndani. Emily aliweza. Charlotte aliugonga miaka mingi.

Branwell hakuweza. Alikuwa na boksi lile lile la askari, na pengine ndiye aliyetarajiwa zaidi ya wote. Katika siku hizo hizo ambazo dada yake alimwandikia Southey, yeye alimwandikia mshairi William Wordsworth barua ya majivuno, hakujibiwa. Mashairi yake aliyachapisha magazetini kwa jina la Northangerland, mhalifu mkuu wa Angria, kana kwamba Branwell mwenyewe hakuwa mtu wa kutosha. Alipewa kituo kidogo cha reli akisimamie. Daftari lake likajaa michoro na mashairi, pesa zikapotea chini ya usimamizi wake, akafutwa mwaka wa 1842. Akawa mwalimu wa nyumbani, akafukuzwa tena mwaka wa 1845, kukiwa na tuhuma za uhusiano na mke wa mwajiri. Baada ya hapo ni pombe na kasumba. Kuna picha maarufu aliyowachora dada zake watatu. Mwanzoni alijichora katikati yao, kisha akafutwa kwa rangi. Leo mahali pake pana nguzo.

Charlotte naye alianguka tena, kwa njia nyingine. Mwaka wa 1842 alienda Brussels kusoma Kifaransa, akafundishwa na Constantin Heger, mwanamume mkali, mwenye akili, mwenye mke na watoto. Heger alimfanyia jambo ambalo Angria haikuwahi kumfanyia: alimkosoa. Alikata sentensi zake, akamwambia aseme kimoja na akiseme sawasawa. Hilo lilimjenga. Lakini moyo ukamvisha ticha uso wa Zamorna. Aliporudi nyumbani mwaka wa 1844 alimwandikia barua baada ya barua, za mtu anayesubiri posta kama mgonjwa anavyosubiri dawa. Heger alizirarua, mkewe akaziokota, akazishona vipande kwa uzi na kuzihifadhi. Nne zipo hadi leo.

Jibu halikuja. Ndipo, pesa zikiwa hazipo na Branwell akilewa ghorofani, dada watatu wakatoa kitabu cha mashairi kwa majina ya kiume mwaka wa 1846. Zikauzwa nakala mbili. Riwaya ya kwanza ya Charlotte ikakataliwa na wachapishaji mmoja baada ya mwingine. Ya pili, Jane Eyre, ilitoka Oktoba 1847 na kugombaniwa.

Isome ukiwa na Angria akilini. Rochester ni Zamorna, hakuna siri: jeuri, tajiri, wanawake wengi nyuma yake. Ila safari hii ameshushwa. Si mfalme, hana sura nzuri, na mbele yake amesimama yaya mdogo asiye na kitu anayemjibu na, inapobidi, anaondoka. Zamorna hakuwahi kuachwa na mwanamke. Na kuna mahali Jane, aliyechoshwa na utulivu wa nyumba ile, anapanda ghorofa ya tatu na kutembea ukumbini huku na huko, huku akili yake ikijisimulia hadithi isiyokwisha. Charlotte hakuhitaji kufanya utafiti.

Kwa sababu nyumbani Haworth ndivyo walivyofanya. Kila usiku, kazi zikiisha, dada watatu walizunguka meza ya chumba cha kulia, wakisimuliana walichoandika, wakibishana, raundi baada ya raundi. Hicho nadhani ndicho kilichomwokoa zaidi ya ushauri wa mshairi yeyote. Ndoto ilisemwa kwa sauti, mbele ya watu wanaoweza kuuliza maswali.

Kisha Branwell akafa Septemba 1848, akiwa na miaka 31. Emily akafa Desemba mwaka huo huo. Anne akafa Mei 1849. Miezi minane, makaburi matatu. Charlotte akaendelea kutembea kuzunguka meza hiyo usiku, na mfanyakazi wa nyumba alisema moyo ulimuuma kuzisikia hatua za mtu mmoja.

Aliandika riwaya mbili zaidi, Shirley na Villette, ya mwisho ikiwa na mhusika anayeishi maisha mawili, ya mawazo na ya kweli, na haoni aibu kusema ni yapi yanamlisha. Juni 1854 aliolewa na Arthur Bell Nicholls, msaidizi wa baba yake, mwanamume mtulivu, asiyefanana na Zamorna kwa lolote. Alikuwa ameshamkataa mara moja.

Jioni moja mwishoni mwa mwaka huo walikuwa wamekaa karibu na moto, upepo ukivuma nje. Alimwambia mumewe kwamba kama asingekuwepo, saa hiyo angekuwa anaandika. Akapanda mbio ghorofani, akarudi na kurasa za kwanza za hadithi mpya, akamsomea kwa sauti. Mume akasema wakosoaji watalalamika kwamba ni shule tena. Charlotte akajibu kwamba atabadilisha, huwa anaanza mara mbili tatu kabla hajaridhika.

Hakupata muda wa kubadilisha. Alifariki Machi 31, 1855, akiwa mjamzito, wiki tatu kabla ya kutimiza miaka 39.